Waliokosa wa Kufanana Nao

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Alhamdulillahi, matokeo ya utafiti wetu wa saratani yametoka! Wanawake waliopasuliwa titi kisha wakachomwa mionzi, na waliopasuliwa wakaishia hapo — wameishi sawa. Hakuna tofauti. Dkt. Thuwein, bosi wangu, kafurahi mpaka katununulia sambusa ofisi nzima, na yule mtu mkono mzito kweli kutoa pesa.

Nilipofika nyumbani Madungu nikampigia mama mdogo Mwanabaraka, kule shamba, Ole. Naye kapasuliwa titi mwezi uliopita, na hospitali inataka avuke bahari mpaka Dar akachomwe mionzi, wiki kadhaa. Roho haimpi kabisa. Nikamwambia, khabari njema, huenda si lazima. Kapiga kigelegele! Masikio yananivuma mpaka sasa.

Jumatano, 6 Agosti

Dkt. kanipa ripoti niipitie kabla hajaituma kwenye jarida. Nilidhani kazi ya kusahihisha nukta.

Njia yenyewe, propensiti, naijua. Unapiga hesabu: mgonjwa huyu, kwa umri wake na hatua ya ugonjwa wake, alikuwa na uwezekano gani wa kupewa mionzi? Kisha aliyechomwa unamtafutia mwenziwe wa kufanana naye ambaye hakuchomwa. Asiyepata wa kufanana naye anawekwa kando. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kunyamaza! Ripoti yetu inasema "tulilinganisha kwa propensiti" — basi. Vitu gani viliingia kwenye hesabu? Haisemi. Jozi zilifanana kweli? Haisemi. Nani waliwekwa kando? Hapo ndiyo haisemi kabisaa.

Nikafungua data mwenyewe. Walioachwa wengi ni wa huku kwetu, wa mashamba. Wamepasuliwa, hawakuvuka, na wengi wao hawapo tena. Inna lillahi. Wote kina mama mdogo.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimezungumza na Dkt. Afadhali angekasirika. Kasema kwa upole, makala za saratani anazosoma zote zimeandikwa hivi hivi, na wahariri wanazipitisha. Nikabisha. Akanitumia anazozisifu, nikazisoma moja baada ya moja — kumbe kasema kweli! Moja inasema jozi "zilifanana vizuri", jedwali hakuna. Nyingine ukiisoma hujui kama kuna mtu aliachwa. Na kuna daktari mahali anaisoma, anaamua tiba ya mama wa mtu.

Basi hatuko peke yetu. Hilo halinipi raha hata kidogo.

Ripoti inaondoka Jumatatu. Kasema nikiandika aya moja juu ya walioachwa ataitia, ila iwe fupi. Fupi!

Ijumaa, 8 Agosti

Mama mdogo kapiga simu. Keshawaambia hospitali haendi, nafasi yake wampe mwingine. Kwa sababu yangu! Kaniombea dua ndefu, nami naitikia amin, amin. Muoga mkubwa mie.

Jumamosi, 9 Agosti

Ole. Karafuu zimeanikwa ua mzima, hata pa kukanyaga hapana. Mama mdogo kaingia ndani kuswali alasiri, naandika hapa ukumbini.

Nimemwambia. Mama mdogo, nilikurupuka. Matokeo yale si ya watu kama wewe. Watu kama wewe tuliwaweka kando, na ripoti haikusema.

Kauliza: "Kwa hivyo nkenda ntapona?"

Nikasema sijui. Kazi yetu haiwezi kunambia hilo. Waliokwambia uende wanajua zaidi yetu.

"Weye uliyesoma hujui? Basi juzi ulijua nini?"

Aibu imenijaa usoni. Nikamuuliza anachoogopa ni nini, ile mashine? Kanitazama kama mtoto asiyejua kufunga viatu. Kasema mashine haimtishi. "Nkenda Dar nkafikie kwa nani? Wiki zote hizo nlale mlangoni mwa hospitali? Wanaokwenda ni wenye jamaa kule."

Subhanallah. Wagonjwa tumewauliza umri, hatua ya ugonjwa, watoto wangapi, wamesoma mpaka wapi. Una pa kufikia? Hatukumuuliza hata mmoja! Na pengine ndilo lililoamua nani achomwe, nani abaki. Halimo kwenye hesabu, halimo kwenye data. Hata tungeandika kila kitu tulichofanya, hili tusingeliandika, kwa sababu hatukulijua. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Nimewapigia hospitali, wamenambia nafasi yake bado ipo, mpaka kesho kutwa.

Dar namjua mtu mmoja tu, Asma, tulisoma naye. Ana mume, watoto wawili na chumba kimoja na ukumbi. Nimempigia, hakupokea. Mama mdogo keshatoa salamu, namsikia anakunja msala. Sijamwambia kama nampigia mtu.

Asma huyo anapiga. Salamu kwanza — halafu nimwambieje, wiki kadhaa, kwenye chumba kimoja na ukumbi? Napokea.