Nilimshinda Daktari

Jumatatu, 3 Machi

Redioni leo. Mada: kufungwa kwa maktaba ya mji. Mimi dhidi ya Mhandisi, yule mkuu wa mipango wa manispaa anayetaka jengo ligeuzwe ofisi za kupangisha. Tumebishana miaka mingi, namjua hadi kikohozi chake. Mwanzo nilimkaanga vizuri. Kisha nikafungua mdomo niseme "maktaba" — neno halipo. Halipo! Si kwamba lilikuwa ulimini linakataa kutoka. Pale linapokaa siku zote palikuwa peupe. Mtangazaji akakohoa. Nikasema, "Ile… nyumba ya vitabu."

Mhariri wangu kapiga simu anacheka kwa raha. Eti nimebuni msemo, watu wanaurudia barabarani. "Shubiri, umetisha!" Shubiri ni jina la safu yangu gazetini, siku hizi ndilo jina langu pia. Nikamwacha aamini.

Mume wangu hakucheka. Alikuwa anasikiliza huku anasahihisha madaftari ya hesabu ya wanafunzi wake. Akauliza tu, kidonge umemeza? Nimemeza. Nameza kila alfajiri kwa maji matupu, tangu tezi ya shingoni ilipogoma kutengeneza homoni yake. Maikrogramu mia. Na bado nasinzia mchana mbele ya watu, bado navaa sweta wenzangu wakijipepea, bado chanuo linatoka na nywele nusu kichwa. Sasa na maneno? Seremala akivunjikiwa na msumeno hununua mwingine. Mimi nikanunue wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Daktari wa homoni ni mdogo kuliko mimi, mpole, na kila jambo kwake ni kusubiri. Wiki sita, tupime. Wiki sita nyingine, tuone. Nimembatiza Bibi Subiri.

"Majibu mazuri, mama. Damu yako iko katikati ya kiwango. Dozi inakutosha."

"Inamtosha nani? Hiyo karatasi?"

Akaeleza kwamba dalili huweza kubaki hata dozi ikiwa sawa. Anataka nipimwe akiba ya madini ya chuma. Akauliza kuhusu usingizi, kuhusu hedhi inayoelekea kukoma. Nikaona anazunguka mbuyu. Nami nilikwenda nimejiandaa: nimesoma siku tatu mfululizo, makala kwa makala, nimepigia mistari. Nikamuuliza hicho kiwango cha kawaida kilipimwa kwa watu gani. Nikamuuliza damu yangu mimi, kabla sijaugua, ilisoma ngapi. Hajui. Hakuna anayejua! Nikamtajia uchovu, baridi, nywele, uso uliovimba. Maneno sikuyataja. Hilo si lake.

Nje foleni ndefu, mtoto analia mlangoni, na mimi sijafika hata nusu ya karatasi zangu. Akavua miwani, akafikicha macho.

"Haya, mama. Mia na ishirini na tano. Baada ya wiki sita upime. Moyo ukienda mbio, usingoje, njoo."

Nilishinda! Nimetoka pale natembea kama niliyeangusha serikali. Fomu ya kupima chuma imebaki mkobani. Ya nini?

Jumapili, 23 Machi

Nimewaka. Nimeamka kabla ya saa ya kengele, nimefua, nimepanga upya rafu ya historia, nimeandika safu yote kwa mkao mmoja — na ni safu! Nimeuliza manispaa ni ofisi gani hiyo muhimu ambayo mtoto asiye na taa nyumbani ataingia bure akasome. Sweta nimelivua. Mume wangu kanitazama navyopanda ngazi, akasema, "Bibie, nani anakufukuza?"

Bibi Subiri angeniacha niozee kwenye ile mia yake.

Ijumaa, 4 Aprili

Baraza limetangaza kikao cha wazi, Jumatatu tarehe 28. Mhandisi atasimama kwa upande wa manispaa, mimi kwa upande wetu. Madiwani watapiga kura hapohapo. Mhariri ananiita jenerali.

Jambo dogo. Kwenye ngazi za gazeti moyo uliruka. Kama samaki kwenye ndoo. Ukatulia. Ukaruka tena nilipokuwa nimekaa kabisa, nasoma barua za wasomaji. Kahawa, bila shaka. Nimepunguza kahawa.

Jumatano, 16 Aprili

Nimetolewa damu. Muuguzi aliona mkono unatetemeka. "Sindano hizi, mama, hata wanajeshi wanaziogopa." Nikacheka naye. Akauliza kama kuna tatizo lolote, moyo, jasho, usingizi. Nikasema hakuna.

Uongo, na nilijua ni uongo. Nikisema, watanishushia dozi, na kikao hicho hapo. Nitasimama mbele ya Mhandisi nikiwa mzigo wa nguo mbichi? Hapana. Baada ya tarehe 28 waje wanishushe wanavyotaka.

Nimekonda. Sketi inazunguka kiunoni, zipu inahamia mbele. Wenzangu wananisifu.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo tumegombana, mimi na mume wangu. Yaani nimegombana, yeye alikuwa anakaanga mayai. Kasema, kwa sauti ileile ya kufundishia, kwamba siku hizi silali, nalowa jasho, na jana nilimfokea muuza magazeti kwa sababu gazeti lilikunjwa vibaya.

"Lilikunjwa vibaya kweli!"

"Mke wangu, ulimwita adui wa umma."

Nikamgeukia. Kidole juu. Nikasema, "Na wewe, wewe ni —"

Hakuna kitu. Nilikuwa na tusi zuri, la kisomi, nililitengeneza tangu asubuhi. Limeyeyuka. Nimesimama na kidole hewani. Yeye kashika mwiko, anangoja tusi lake kama mtu anayengoja basi. Halikuja. Mayai yakaungua.

Nimejifungia chumbani. Moyo unapiga mpaka blauzi inacheza, na naandika haya taratibu ili yasomeke. Mia na ishirini na tano, na shimo la maneno bado lipo! Nilidhani limeziba. Kumbe nilikuwa nakimbia kasi mno, naliruka bila kuliona.

Niseme ukweli hapa, hakuna anayesoma. Sikupigania nywele wala baridi. Nilitaka dozi iwe na kosa. Kosa la dozi hurekebishwa. Lakini kama ile mia ilikuwa sahihi na maneno yanapotea vilevile — basi kinachoharibika ni mimi.

Jumanne, 22 Aprili

Daktari kapiga mwenyewe. Njoo leo. Si kesho, leo.

Homoni imezidi sana. Wamenilaza kitandani, wamenibandika nyaya kifuani, mashine ikachora moyo wangu kwenye karatasi nyekundu yenye miraba. Mapigo ya ziada, hapa na hapa na hapa. Bado si ule mwendo mbaya kabisa, kasema, lakini ndiyo njia ya kuelekea huko. Kidonge cha homoni kirudi mia kuanzia kesho. Na kingine cha kutuliza moyo.

Nikaanza. Jumatatu nina kikao, siku sita tu, hata vitabu vyenyewe vinasema homoni hutoka mwilini polepole, kwa hiyo tofauti ni ndogo —

"Mama, leo sibishani na wewe." Hakupaza sauti. "Ile siku ulinishinda. Niliandika dozi niliyojua si sahihi kwa sababu nilichoka na wewe unaongea vizuri. Kosa ni langu. Lakini moyo wako haujasikia hoja yako hata moja."

Nikaketi wima, nyaya zikanivuta kifuani.

Basi nikamwambia. Redio, tusi, majina ya watu yanayonipotea, lile shimo. Mara ya kwanza kumwambia mtu. Akaweka kalamu chini.

"Kwa nini siku ile hukunitajia maneno? Ulisema dozi tu."

Nikamuuliza kama ni akili inayoondoka. Akasema hajui. Hivyo tu: sijui. Huenda ni chuma, huenda usingizi, hedhi, tezi, au vyote pamoja; tutatafuta kimoja kimoja. Miaka yote nimewararua watu waliosema "sijui" mbele yangu. Huyu nilitaka kumshika mkono.

Fomu ya chuma nimeitoa mkobani. Imechakaa mikunjo. Akaitazama, akanitazama, akainyoosha mezani kwa kiganja — alijua anachofanya! Damu tena.

Ijumaa, 25 Aprili

Kidonge kipya kinafanya kazi. Moyo unakwenda kama karani aliyebakiza mwezi kustaafu. Mkono hautetemeki. Na kichwa kizito, kizito. Sentensi inayokuja nusu, naikalia kama kuku.

Majibu ya chuma: akiba karibu imekwisha. Bibi Subiri alifurahi kwenye simu, nami nikafurahi kidogo, kwa woga. Huenda ndicho, kasema. Huenda. Vidonge vya chuma nimeze mbali na cha homoni, vikikutana tumboni vinaharibiana. Na nafuu huchukua miezi. Kwa Jumatatu, hakuna kitu.

Naandika hotuba yangu neno kwa neno, niisome. Mimi! Niliyewahi kumwambia waziri mzima, mbele ya kamera, kwamba anayesoma karatasi hana alichokuja nacho. Mhariri kapata habari, kapiga. "Shubiri, usituue. Watu wanakuja kukuona ukiwaka." Nikamwambia mshumaa unauzwa dukani. Akacheka, akidhani nimepona.

Jumatatu, 28 Aprili

Ukumbi wa baraza. Mapumziko, nimejibanza kwenye kiti cha ukutani, naandika gotini. Watu wamejaa mpaka madirishani.

Nimesoma hotuba. Yote. Sauti haikutetemeka. Walipiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia mgeni. Kwenye safu ya pili mzee mmoja alimwambia jirani yake, nikasikia, "Huyu ndiye yule mkali?"

Kisha Mhandisi. Kaikunja hotuba yake, kaitia mfukoni. Mshenzi ana macho. "Mwenyekiti, dada yangu hapa hajawahi kusoma karatasi tangu nimfahamu. Naomba tuziweke zote kando, tuulizane ana kwa ana, kama zamani. Au ameishiwa?" Ukumbi ukalipuka. Wetu wakalipuka zaidi — wananishangilia, masikini, wanadhani kanitilia mafuta.

Mwenyekiti kanipa mpaka kengele nijibu. Nina haki ya kukataa, kasema.

Nikikataa, hotuba yangu imo kwenye kumbukumbu, hoja ni nzuri, moyo umetulia, nakwenda nyumbani salama. Na ameshasema mbele ya madiwani kwamba nimeishiwa, na kura ni saa hii. Nikikubali na neno likakatika pale katikati, hakuna atakayesema nimebuni msemo.

Nahesabu madiwani: watano wetu, sita wao, wawili wanatazama simu. Hao wawili.

Mume wangu kaja na maji. Kasimama mbele yangu, ana chaki bado kwenye pindo la mkono wa shati. Kashika kifundo cha mkono wangu, kasikiliza, kaachia. "Unakwenda vizuri." Kisha, "Utakubali?"

"Sijui."

Neno hilo limetoka bila shida yoyote.

Kafikiri. Hakuniambia nisikubali. Kauliza, "Basi nikae wapi, ili ukikwama unione?"

Nimemwambia mbele, kushoto, karibu na hao wawili. Anakwenda. Anawaomba watu radhi, anapita magoti ya watu, kiti hakuna — anabishana na bwana mmoja mwenye koti, yeye asiyebishana na mtu! Bwana hasogei. Kengele inalia. Bado amesimama, namwona. Nakunja hotuba, nainuka.