Sura ya Yarelis Kwenye Boneti

Mpendwa Bi Eneida,

Nakusoma gazetini kila Jumapili nikiwacheka wenzangu na leo zamu imenifika, naomba uniokoe kabla sijampoteza mtoto. Mimi ni Eladio wa hapa Bayamón, nina mke, Migdalia, na binti mmoja, Yarelis, ambaye Jumamosi ya wiki ijayo anatimiza miaka kumi na mitano, na kwetu hiyo ni sherehe kubwa kama arusi, kanisa na ukumbi tayari, na mimi ninalo gari la spoti la viti viwili nililolinunua kwa daktari mstaafu wa Ponce, halikuwa hata na mkwaruzo, lakini lilikuwa limepooza mno, gari la kwendea kuchukua dawa, basi nikalitia uhai, nikakata springi likae chini, nikainamisha magurudumu, nikafunga bawa nyuma, nikabandika matundu ya hewa ubavuni, taa za zambarau chini ya tumbo na ekzosi ya kulipuka, na vijana wa klabu wakaniambia, “Eladio, wewe umemaliza kazi!”, ingawa mke wangu anasema walikuwa wananicheka. Mama mkwe hapandi tena tangu Siku ya Akina Mama, tulipomtoa watu watatu kwa kumvuta. Sasa nikataka kumfurahisha binti, nikamchoresha sura yake kwenye boneti nzima, na taji kichwani, na vile vyuma vyake vya meno kwa rangi ya fedha inayong’aa, nikaenda kumchukua shuleni huku napiga honi. Wenzake wakatoa simu wakaanza kupiga picha, naye akanipita kama hanijui akarudi nyumbani kwa miguu, na alipofika akaniambia, “Papi, kanisani nitakwenda na mjomba Heriberto kwenye Corolla yake. Na viatu atanibadilisha yeye.” Bi Eneida, kumvua binti viatu bapa na kumvalisha vya visigino mbele ya wageni ni kazi ya baba, nimeingoja tangu azaliwe. Mbele ya kanisa kuna tuta lakini nimeshajizoeza kulivuka mshazari. Nimwambie nini akubali kupanda gari langu?

Eladio, Bayamón

Eladio,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kicheko na ya pili kwa hasira, na hasira ndiyo iliyobaki. Tuanze na vijana wa klabu. Walikuwa wanakucheka. Mkeo ana macho.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa springi kule Cataño miaka thelathini, na mimi ndiye niliyemshikia tochi. Likiletwa gari lililokatwa springi alimuuliza mwenyewe, “Bwana, gari hili lilikukosea nini?” Usidhani nachukia magari ya spoti. Nayapenda kuliko wewe. Uzuri wake ni kwamba kila kitu mle ndani kina kazi, na daktari wa watu alikukabidhi moja likiwa zima. Ukalibandika matundu yasiyoingiza hewa kwa gundi! Na hilo bawa ni la kusaidia mwendo gani, ikiwa kila tuta unalivuka kama kaa, tumbo likisaga lami na foleni nzima ikikutukana? Lile gari lililopooza, Eladio, angalau lilikuwa linampandisha mama mkwe.

Najua unampenda mtoto. Mtu hakumbuki vyuma vya meno kwenye picha kama hapendi. Lakini ulimuuliza? Msichana wa umri ule hufumba mdomo hata kwenye picha za familia kwa ajili ya vyuma hivyo, na wewe umevitandaza mbele ya shule nzima, vikubwa kama sahani, halafu ukapiga honi wasije wakapitwa. Ilikuwa zawadi yako wewe mwenyewe, yeye ulimuazima sura tu. Aibu nakuonea mimi ambaye sikujui.

Kwa hiyo usimwambie apande. Leo hii chukua msasa na ndoo ya maji, uifute sura ile kwa mikono yako, uani, mahali atakapokusikia akiwa chumbani. Ukimaliza gonga mlango wake, sema, “Mwanangu, nimekosea,” kisha unyamaze. Usithubutu kutaja ile rangi ilivyokuwa ghali. Halafu mpigie shemeji yako umuombe nafasi kwenye Corolla. Nafasi ya nyuma. Springi utatafuta nyingine baadaye.

Jumamosi hiyo ukae nyuma na sanduku la vile viatu vya visigino mapajani, usiombe kitu. Mkifika kanisani Heriberto atalipita lile tuta moja kwa moja na hakuna atakayeshtuka. Gari likisimama, mtazame binti yako. Akinyoosha mkono achukue sanduku ampe mjomba wake, mpe bila neno, umeyataka mwenyewe. Akiliacha mapajani mwako, umesamehewa. Funga mdomo, ushuke nalo.

Bi Eneida