Nilimjengea Mke Wangu Nyumba ya Makontena, Nikampelekea Picha ya Nguzo za Jirani

Shangazi Salud mpendwa,

Kwanza naupokea mkono wako niuweke kwenye paji la uso wangu, maana umenizidi umri, halafu naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, na ukiisoma barua hii redioni au ukiichapa gazetini tafadhali usitaje jina langu la ukoo, kwa sababu hapa Mandaue bohari nzima ya makontena inanijua na wakisikia watacheka mpaka Krismasi, ingawa kusema kweli wameshaanza.

Naitwa Nicanor, watu huniita Kanor, nina miaka arubaini na tisa na ni fundi wa kuchomelea, kazi yangu ni kuziba makontena yaliyotoboka na kunyoosha yaliyopinda. Mke wangu Luzviminda, mimi namwita Minda, amefanya kazi za ndani Hong Kong miaka kumi na moja, kitanda chake kilikuwa ubao juu ya mashine ya kufulia, mashine ikizunguka naye anatetemeka, na miaka yote hiyo aliniomba kitu kimoja tu, nyumba ya mawe yenye nguzo mbili mbele. Alisema, "Kanor, nataka mtu akipita barabarani ajue hapa pana mwenyewe."

Nikaanza kuijenga Shangazi, kwenye kiwanja nilichonunua yeye akiwa hukohuko Hong Kong, hajawahi kukikanyaga, sikumdhulumu, kuta zilishafika usawa wa madirisha na nguzo zilinifika kifuani, halafu kikaja kile kimbunga cha miaka mitatu iliyopita kikailaza yote, na mimi na mama mkwe wangu, Mama Siyon, tulipona kwa sababu tulikimbilia bohari tukajifungia ndani ya kontena pamoja na majirani kama arubaini na majogoo yao ya kupigana, na kulipopambazuka tukafungua mlango tukaona mtaa wote umelala chini lakini makontena hayajasogea hata unyayo. Minda akapiga simu analia, akauliza, "Nyumba iko salama?" Nikamjibu, "Iko salama." Alikuwa analia, Shangazi. Ningesemaje?

Basi mwenye bohari akaniuzia makontena mawili yaliyostaafu, nikayaweka ubavu kwa ubavu juu ya msingi uleule, nikayafunga ardhini kwa vyuma, nikakata ukuta wa katikati pakawa na sebule moja kubwa, na sitakudanganya, miezi ya kwanza ndani palikuwa tanuri, na asubuhi dari ilitoa jasho likimdondokea mama mkwe puani mpaka akasema, "Kanor, nyumba yako inanililia." Majirani nao kila wakipita, "Kanor, meli yako inafika lini?" "Kanor, mzigo unakwenda Busan au Dubai?" Nikavumilia. Nikapandisha paa la pili la mabati juu ya lile la chuma nikaacha nafasi upepo upite katikati, kuta nikazipaka kwa ndani lile povu linalogeuka gumu na kuzuia joto, nikazifunika kwa mbao za mnazi nilizozipiga msasa mwenyewe, sakafu ya zamani nikaing'oa yote kwa sababu ilikuwa imelowa dawa za wadudu za safari za miaka ishirini, nikatandika mianzi, nikaweka bafu lenye vigae vya kijani na baraza ya kukaa watu wanane, na kila nilipokata dirisha nilizungushia fremu ya chuma ili ukuta usilegee.

Nakwambia ni nyumba tulivu na ya baridi kuliko zote mtaani. Mama Siyon, ambaye miaka yote alilala mlango wazi kwa sababu ya joto, sasa anajifunika shuka saa nane mchana. Mwaka jana kilipotokea kimbunga kingine, kidogo, wa kwanza kugonga mlango wetu, mto wake kwapani, alikuwa Dokta Rosendo, daktari wa meno wa mtaa wa mbele, anayetibu watu kwenye nyumba yake ya ghorofa yenye nguzo mbili nyeupe, aliyoijenga Minda akiwa ameshaondoka.

Na nguzo hizo ndizo zilizoniponza.

Minda alikuwa akitaka kuiona nyumba kwenye simu, nami nikawa namwonyesha ndani tu, mbao, sakafu, bafu, akawa anapiga makofi na kuita wenzake waje watazame, akasema, "Kuta zimenyooka hizo! Fundi nani?" Nikasema, "Fundi mmoja hivi." Halafu siku moja akasema, "Sasa toka nje nione nguzo." Nikasema mvua inanyesha. Wiki iliyofuata nikasema rangi haijakauka. Wiki ya tatu nikakosa la kusema, nikavaa shati jeupe, nikaenda kusimama mbele ya nyumba ya Dokta Rosendo asubuhi wakati hayupo, nikampa Mama Siyon simu anipige picha. Mama alipiga tatu. Alisema, "Sogea kidogo, bango la meno linaonekana."

Minda aliichapisha picha ile akaibandika juu ya ubao wake wa kulala.

Alikuwa arudi tarehe kumi na nne, arudi moja kwa moja, nami niliapa kwamba nitamwambia tukiwa garini kutoka uwanja wa ndege. Lakini alitaka kunishtukiza, akaja tarehe kumi na mbili, akakodi gari, akamwonyesha dereva picha, na dereva alikuwa mtu wa hukuhuku akasema, "Hii naijua, mama," akamleta mpaka kwenye nguzo.

Mimi nilikuwa kazini, haya nimesimuliwa na nesi wa Dokta. Anasema Minda alishuka na maboksi sita ya zawadi, akakuta watu saba wamejipanga kwenye baraza, wengine wameshika mashavu, akadhani ni majirani waliokuja kumpokea. Akawakumbatia mmoja mmoja. Akafungua boksi akawagawia chokoleti. Mtu aliyetoka kung'olewa jino akapokea akasema ahsante, mdomo umejaa pamba. Kisha akaingia ndani akamwambia dereva, "Hayo mawili weka pale kwenye kochi," akazunguka sebuleni anatafuta mbao za mnazi, na Dokta Rosendo akatokea na glavu zake.

"Minda? Karibu nyumbani. Una maumivu?"

"Dokta! Wewe unafanya nini kwangu?"

Nesi anasema watu wote waligeuka kutazama, isipokuwa mmoja aliyeendelea kutafuna chokoleti. Dokta ni mtu mzuri, alivua glavu kwanza, halafu akamwambia, "Kwenu ni kule nyuma, mama. Yale makontena ya kijivu." Akaongeza, na alidhani anamfariji, "Mimi mwenyewe nimemwomba Kanor anijengee moja."

Nilipigiwa simu nikakimbia na aproni ya kazi. Nilimkuta amesimama barabarani mbele ya nyumba yetu, maboksi yamemzunguka, majirani wote nje.

"Hiyo ni nini, Kanor?"

"Ni nyumba."

"Nauliza hiyo ni nini."

"Makontena."

"Ya mawe iko wapi?"

"Ilianguka."

"Lini?"

"Kimbunga kile."

Alihesabu kwa vidole. "Miaka mitatu," akasema. "Na Mama alijua?"

Mama Siyon alichungulia dirishani akasema, "Minda mwanangu, ingia kwanza ulione bafu."

Nilikuwa na maneno mengi Shangazi, nilitaka kumweleza jinsi ile asubuhi nilivyokaa juu ya tofali moja lililobaki nikashindwa kusimama, lakini kilichotoka kinywani ni, "Ndani kuna baridi nzuri." Akanitazama. Akasema, "Wenzangu wote kule Hong Kong wana hiyo picha. Watu sitini wananiombea wakiangalia nguzo za daktari wa meno." Akaita gari, akaenda kwa dada yake Perla huko Liloan, leo siku ya tisa. Nimekwenda mara tatu na mikate ya mchele anayoipenda, Perla anapokea mikate, mlango unafungwa. Nikamwomba Mama Siyon aende akanisemee, akasema yeye hatoki kwenye ile baridi kwa ugomvi usiomhusu.

Sasa kuna watu wawili wanataka kuyanunua makontena hata leo, na nimefikiria niyauze nianze upya nyumba ya mawe, niweke nguzo, hata nne, ili arudi. Niuze, au nisubiri hasira zitulie? Sili, silali, na jana nilichomelea mlango wa kontena la watu ukiwa juu chini.

Wako kwa unyenyekevu,
Kanor wa Mandaue

—

Kanor,

Pole. Nimeshasema pole, sasa kaa nikuseme.

Najibu barua mwaka wa ishirini na mbili huu. Wameniandikia waume walioficha wanawake, walioficha watoto, na mmoja aliyemficha jogoo chumbani kwa mama mkwe wake. Mume aliyeificha nyumba nzuri ndiye wewe wa kwanza. Jambo la kujivunia umelifanya kwa kujificha kama mwizi, na jambo la aibu umelifanya hadharani, mchana, kwa shati jeupe, na mpiga picha ukamleta.

Kuuza hapana. Unafikiri mkeo ana ugomvi na chuma? Usome tena ulichoandika mwenyewe. Aliposikia ni makontena alikuuliza ya mawe iko wapi. Aliposikia imeanguka aliuliza lini. Ulipomjibu lini, ndipo alipoanza kuhesabu. Hasira yake imeanzia kwenye hesabu hiyo. Kwa miaka mitatu aliamka kila siku kufua nguo za watu kwa ajili ya nyumba ambayo wewe na mama yake mlijua haipo. Ulimnyima msiba wake, Kanor. Ulikaa peke yako juu ya tofali, ukalia peke yako, na yeye ukamwacha anapiga makofi kwenye simu. Hiyo unaiita huruma. Huruma gani hiyo inayomfanya mtu awe wa mwisho kujua habari zake?

Ukijenga nguzo nne leo zitakuwa nne za uongo badala ya mbili.

Tena nikuonyeshe kitu ambacho hukukiona ulipokuwa unaandika kwa mbio. Kwenye nyumba hiyo wewe umelala. Mama Siyon amelala na shuka mchana kweupe. Dokta amelala, na mto wake. Pesa za mbao, mianzi na hivyo vigae vya kijani zimetoka kwenye mgongo wa Minda, na yeye hajalala humo hata siku moja, na hakuna aliyemuuliza kama kijani anakipenda. Alitaka watu wajue pana mwenyewe. Mwenyewe ni nani hapo?

Kwa hiyo fanya hivi. Acha mikate, utamnenepesha Perla bure. Nenda Liloan kwa miguu yako, usitume mtu. Akikataa kutoka, ongea na mlango. Mwambie kimbunga kilivyokuwa, tangu mwanzo, ukuta kwa ukuta, na tofali lile, na kwamba ulishindwa kusimama. Usiongeze hata neno moja kuhusu baridi ya ndani. Ukimaliza, weka funguo zote chini, za mbele, za nyuma, na ile aliyonayo mama mkwe wako, na umwambie nyumba ni yake, aiuze, aivunje, aipake rangi ya waridi, wewe utachomelea atakachotaka. Kisha ondoka. Usisimame hapo unangoja asamehe kama mtu anayengoja chenji.

Wale watu sitini waandikie wewe. Kwa jina lako, na la ukoo. Weka picha ya makontena, ya mbele, jua likiwaka.

Na wewe Mama Siyon, najua unanisikiliza, maana kwenye utulivu huo redio inasikika vizuri sana. Ugomvi usiokuhusu? Mpiga picha ulikuwa nani? Vaa viatu uende kwa binti yako.

—

Jibu hilo nililisoma redioni Jumamosi. Kabla gazeti halijakwenda mitamboni, Kanor ameniletea ujumbe huu, nanukuu wote:

"Shangazi, nilifanya ulivyosema. Niliongea na mlango karibu saa nzima, nikaacha funguo nikaondoka. Jumatatu amekuja na teksi na maboksi yake. Hakunisalimia. Alisema mimi na Mama tutoke, anataka kukaa humo peke yake kwanza, hajasema mpaka lini. Mama yuko kwa Perla, analalamika joto. Mimi nalala bohari ndani ya kontena bovu la futi ishirini. Leo siku ya tatu. Majirani wanasema jana aliwasha redio kwa sauti kubwa, akasukuma samani zote, akatandika mkeka barazani, akakaa hapo na kahawa mpaka jioni anawasalimia wapita njia. Watu wakimuuliza hapa ni kwa Kanor, anawajibu, 'Hapa ni kwangu.' Nahisi amepoa. Niende leo nikagonge?"

Kanor, usigonge.