Bango la Bustanini kwa Mama

S.L.P. 14,
Elm Fork, Wisconsin.
12 Novemba, 2006.

Mpendwa dada Marlys,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba bango la kampeni lililosimama bustanini kwa Mama halipo tena. Taifa litulie.

Hujambo lakini? Baridi ya Alaska inakuonaje? Sisi wazima, ila tumbo langu sasa linafika mlangoni kabla yangu. Nilipomzungusha Loren nyumba kwa nyumba kuomba kura, watu walidhani mgombea ni mimi.

Unajua kaka yetu alikotoka: miaka ishirini ya uwakili katika ofisi iliyo juu ya lile duka la misumari, akitetea wafugaji na walevi. Safari hii akautaka useneta wa jimbo, tena kwa chama ambacho Mama hajakipa kura maishani. Mama naye akasimamisha bango la mpinzani, Bwana Kessler. Loren alicheka, lakini kila tulipopita pale aligeuza uso. Kura ile moja aliitaka kuliko zote.

Mara bango likatoweka, na gazeti likasema watu wa Loren wameliiba. Loren alikuwa ameshaliona, stoo kwa Mama, chini ya maboga. Akanyamaza.

“Sema basi, utashindwa!” nikamwambia.

“Wakili hamtaji mteja wake, Verlyn.”

“Mteja gani? Amekulipa nini?”

“Alinizaa.”

Siku ya mdahalo, ukumbi wa shule ulijaa. Kessler akamuuliza waziwazi kuhusu wizi ule. Loren akatazama viatu vyake. Mama akainuka na mkongojo wake.

“Nyamaza, Loren!” Naye hata hakuwa amefungua mdomo. “Bango nimeling'oa mimi. Wewe Kessler, vikaratasi vyako vya kampeni vinamwita mwanangu rafiki wa wezi. Kumtukana huyu ni kazi yangu, sijaomba msaidizi!”

Watu walicheka mpaka viti vikalia.

Usidanganywe na watakaokupigia simu, dada: Loren alishindwa, tena vibaya. Kesho yake tulikuwa jikoni kwa Mama, anasukuma unga wa pai ya tufaha. Loren akauliza kwa sauti ya mtoto, “Mama, ulinipa?”

“Sikukupa. Kessler pia sikumpa. Nafasi yenu kwenye karatasi ya kura niliiacha tupu.” Akaendelea kusukuma unga. “Sijawahi kuacha nafasi tupu, Loren. Tangu niolewe.”

Loren aliushika tu ule mkono wenye unga, na pai ikachelewa sana.

Msalimie shemeji Gordon na binti yenu Inga. Mama anauliza kama unavaa soksi mbili. Mungu awatunze katika theluji hiyo.

Kaka yako akupendaye, tumbo na vyote,
Verlyn