Jogoo wa Ihanja Kanisahihisha

Mdogo wangu Elia,

Mama hajambo? Huku Ihanja upepo unavuma mchana kutwa, na ugali wa uwele kwa kuku wa kienyeji umeshafanya sketi inibane.

Juzi nilimpima Hamisi, mrina asali aliyeanguka kutoka mtini akaumia uti wa mgongo. Nilimgusa miguu kwa pamba, na kila nilipomuuliza kama anasikia alijibu, "Hapana, daktari." Nikaandika kwenye fomu ya utafiti: hana hisia.

Jana nilipita kumuaga. Tukiwa tunakula, jogoo akamdonoa kidole cha mguu chini ya meza. "Toka we!" akafoka, wala hakuangalia chini. Mguu ungeruka tu nisingeshangaa, maana hata ubongo usipojua mguu huweza kushtuka. Lakini huyu alijua ameguswa!

Nikamuuliza mbona alinikatalia. Akainamisha kichwa. "Siku ile mama mkwe alikaa palepale, daktari. Nishikweshikwe miguu mbele ya mkwe? Nilitaka umalize haraka."

Nimeikata ile "hana" kwa wino mwekundu na safari nimeiahirisha. Leo asubuhi tumeanza mazoezi.

Nawe nilikupima miguu vilevile, Mama akiwa kando ya kitanda, analia kila nikikugusa, nawe ukajibu "hapana" kila mara, harakaharaka. Nami nikaandika: hana hisia.

Kula vizuri, kichwa ngumu wangu. Nikifika tu nakupima upya, na Mama atasubiri nje.

Dada yako akupendaye,
Rehema