Kamera ya Baba Haijulikani Ilipo

Baba, shikamoo.

Uji uko kwenye chupa, mihogo nimeifunika. Dawa ya presha unywe baada ya kula, siyo kabla kama jana.

Asubuhi uliponiuliza kamera imefika wapi, nilijibu iko njiani, nikakimbilia chumbani. Nilikudanganya. Nilikuwa nimeshawapigia ofisi ya vifurushi. Kamera yako, ile uliyoiuza ili nisome chuo, nikaipata tena kwenye mnada wa mtandaoni, imepotea. Muuzaji anasema kazi yake iliisha alipowakabidhi. Wao wanasema, "Dada, tulikupigia mara tatu hukupokea, tukamrudishia aliyeituma." Naye anaapa hajaiona.

Kweli walipiga. Namba ngeni sipokei, Baba, unanijua. Si ndiyo maana unanitania kwamba hata mchumba akipiga kwa namba ngeni, imekula kwangu?

Muuzaji anataka kunirudishia hela. Za nini? Kamera yenye jina lako, ulilolichora kwa msumari, ilikuwa moja tu. Kosa waligawane wao, mimi langu nalijua.

Nimekwenda Kisarawe, watu wanasema mizigo ya kuja hapa Kibaha huwa inashushwa huko kwa makosa. ~~Nitarudi nayo.~~ Nitauliza tu. Leo napokea kila simu, hata ya nani.

Mkoba wa kamera uliobaki nao, ule uliouosha jana, nimeuanua, uko juu ya kabati. Tafadhali usiupake mafuta.

Kitindamimba wako,
Fadhila