Nimetaja Jina Lako Mbele ya Kambi

Kambini, Kasese
29 Oktoba 2024

Mpendwa wifi yangu Adong,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya milima. Hamjambo hapo Lira? Magoti ya mama mkwe yanasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, nakula na kulala, nashukuru Mungu. Immy naye hajambo katika shule yake ya bweni kule Bwera. Amenipita urefu, na mwendo wake ni wa kaka yako mtupu.

Nakuandikia kwa Kiswahili hiki chetu cha kambi, kwa kuwa lugha yenu ya Kilango nikiisema ulinicheka mpaka nikaiacha, na Kiteso changu wewe hukutaka kujifunza hata salamu. Namba yako haipatikani tena. Barua nampa Wahab, askari wa hapa anayekuja likizo huko kwenu.

Mwaka na nusu hatujasalimiana, na sababu naijua. Tulipomzika kaka yako Ojok niliondoka siku ya nne, matanga hayajaisha, nikakuacha peke yako na wageni na masufuria. Sikukuaga hata. Niliogopa kwamba nikikawia nitakuta chumba chetu kimepewa mtu mwingine. Mbio za sakafuni, wifi. Chumba chenyewe sasa wanakitaka.

Barua ya kuhama ilisomwa kwenye gwaride mwezi wa saba. Mjane wa Ojok aachie nyumba, kuna askari mpya mwenye mke na watoto watatu. Afande Ssali, mkuu wa kambi, si mtu mbaya. Sheria ni sheria, na mimi si askari.

Nikuambie kweli, upweke umenikalia. Hapa kambini mke wa askari ana marafiki, lakini mjane ana majirani tu. Jumanne na Ijumaa nachukua samaki wa ziwani Kahendero nakwenda kuuza soko la Bwera, na huko angalau watu wananiita kwa sauti. Nikirudi kwenye kile kibanda cha bati, mama ingia pole, ambacho lazima uiname ndipo uingie, naongea na redio. Juzi niliigombeza kwa kunikatiza.

Mwezi wa nane akaja Gracien, Mkongo anayeishi Bwera, na kikundi chake cha maigizo. Yeye hutafuta watu wa mjini wasiosikilizwa, kisha huwafanya waigize maisha yao wenyewe. Alituchukua sisi wajane wa kambi pamoja na wachuuzi wa mtaa wa reli, kila Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa netiboli. Alianza kwa kutukataza kusema, kila mtu aonyeshe siku yake kwa mwili tu. Nilicheka nikidhani ni mambo ya chekechea. Ilipofika zamu yangu niliinama kama ninayefunga godoro, nikashindwa kuinuka, nikalia. Wakachagua hadithi yangu.

Kanuni yake ni hii. Mchezo unachezwa mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya. Kisha unarudiwa, na safari hii mtazamaji yeyote akiona ninaonewa anapiga makofi, mchezo unasimama, anakuja kushika nafasi yangu ajaribu njia nyingine. Gracien aliwaeleza watu mwenyewe: "Hii si muchezo ya kuangalia tu. Mutu akiona mwenzake anaumia, apige mikono, aingie."

Jumamosi iliyopita tukaonyesha. Atuhaire, mke wa sajini, ndiye aliyekuwa afande. Alivaa kofia ya mumewe na kufoka vizuri mno. Basi kambini hakuna anayemkatiza afande, hata akiwa wa kuigiza, na yule wa kweli alikuwa ameketi benchi la mbele. Gracien hakulijua hilo. Alidhani watu hawajaelewa, akaturudisha mwanzo. Mara tatu, wifi. Mara tatu nilitoa nje godoro, sufuria na picha ya kaka yako, mbele ya watu ninaowajua kwa majina, na hakuna aliyepiga makofi. Niliumia kuliko siku ile ya gwaride, maana siku ile walikuwa wameamriwa kunyamaza.

Mara ya nne akapiga makofi Yayeri, mama wa Kikonzo anayeuza mihogo mtaa wa reli. Yeye hana afande wa kumwogopa. Alijifunga leso yangu, akakalia godoro kwa uzito wake wote, watu wakaanza kucheka. Akamwambia Atuhaire: "Afande, mimi siwezi toka hapa. Hata mbuzi, watu inauliza inapelekwa wapi. Mimi haujauliza naenda wapi."

Atuhaire akasahau maneno yake, akauliza. Lakini maisha hayo si ya Yayeri. Akanigeukia nilipokaa na watazamaji. "Amoding, sema wewe. Unaenda wapi?"

Tangu Ojok afe hakuna aliyeniuliza swali hilo, na mimi mwenyewe nilikuwa nalikwepa. Uwanja mzima ulikuwa ukinitazama. Nikasema, "Lira. Kwa wifi yangu Adong. Ananingoja."

Walipiga makofi, wengine wakasimama. Afande Ssali akainuka akasema hakujua kama nina pa kwenda, na kwamba amefurahi. Akaniongezea muda mpaka shule zifungwe. Lori la kambi linakwenda kaskazini Jumamosi tarehe 14 Desemba, nalo litanibeba mimi, Immy na mizigo yetu. Akaandika daftarini palepale.

Na mimi siku ile nilikuwa nimekusudia kuomba chumba chochote, hata kile cha nyuma ya stoo. Wajane wawili waliinuka baada yangu wakaomba, wakapewa. Mimi nilikwisha kujifungia njia kwa uongo wangu.

Wifi, nisamehe ile siku ya nne. Nilipaswa kusema hivi zamani, kabla ya kuwa na shida, ila ubishi wa Kiteso unaujua, umeusema mwenyewe mara nyingi. Kama hunitaki, mwambie Wahab, anarudi tarehe 20 Novemba. Nitakwenda kwa Afande niseme nilidanganya, kisha nitafute kibanda mtaa wa reli. Sitakulaumu, wala Immy sitamwambia.

Nisalimie mama mkwe, mzee Kosiya, na watoto wote wa nyumba ile. Mungu awape mvua ya kiasi, na simsim yenu ikauke vizuri.

Neno moja tu nataka ulijue kabla hujaamua. Mbele ya watu wale wote, nilipotaja jina lako, sikuhisi kama ninadanganya.

Ni mimi nikupendaye, wifi yako bado, ukikubali,
Amoding